Kidoti cha Kijani

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na nne mwezi wa sita, asubuhi, mimi nimepiga magoti nyuma ya kochi la mteja, misumari midogo nimeibana mdomoni, na sauti ya marehemu mke wangu inasema kutoka kwenye simu, "Kwanza sikiliza. Usirekebishe usichokisikia."

Mlangoni pa karakana yangu akatokea binti mwenye viatu vya vumbi, mkoba begani, na ndani ya mkoba filimbi ya plastiki imechomoza kama mwiko. Alisimama akaisikiliza ile sauti, uso ukamlainika. Akabisha hodi, akaniamkia vizuri, kisha akasema, "Samahani baba, nimemfuata mwalimu. Aliwahi kunielekeza huku. Nashukuru namsikia yupo."

Nikaitema misumari kiganjani. Nikamwonyesha pa kukaa.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa muziki shuleni. Wakubwa wa idara ya elimu walipoamua kwamba walimu wa muziki hawatakusanywa tena chuoni wakati wa likizo, kwamba sasa kila mtu atajifunzia mtandaoni kwa simu yake, walimtafuta yeye. Si ajabu. Punda anayebeba bila kulalamika ndiye huongezewa gunia. Masomo aliyarekodia humu humu karakanani kwangu, kwa sababu alisema sponji na vitambaa vinameza mwangwi. Alikuwa ananiambia, "Mume wangu, ipumzishe hiyo nyundo kidogo, na yenyewe imechoka." Basi anaeleza namna ya kufundisha mpigo kwa makofi katika shule isiyo na ngoma hata moja, au namna ya kumkalisha mtoto anayepoteza sauti katikati ya wenzake wawili wanaoishika. Idara wakayaweka kwenye tovuti yao, na wao wakapigiwa makofi.

Hawakutosheka. Wakampa na walimu wachanga awalee. Mwalimu mchanga anarekodi darasa lake likiimba, anatuma, na mlezi anasikiliza na kumwambia palipolegea. Mlezi asiposikiliza, hupiti. Na usipopita kabla muhula haujaisha, vipindi vyako vya muziki vinageuzwa vya hesabu, na wewe unatupwa watakakopenda wao. Kanuni hiyo ilitungwa na watu ambao hawajawahi kuimba hata bafuni.

Mke wangu alikuwa akisikiliza rekodi hizo mpaka kitandani, kifua kinambana, simu ameibandika sikioni. Nikimwambia apumzike, ananiambia kuna mtu anasubiri. Amekufa hivyo, na watu wanamsubiri. Idara walileta shada la maua na hotuba ndefu.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Nasoma, lakini kama mtu anayevuka tope. Kwenye simu yake nilikuwa najua jambo moja tu: ukigusa ile picha ya kinanda, ya programu ya idara, inafunguka, unauona uso wake, na anaanza kusema. Hakuna neno la siri wala nini, mwenyewe hakuwahi kuifunga. Basi kila asubuhi naiweka juu ya mkono wa kochi, namgusa, anasema, nami napigilia. Siku nyingine namjibu. Wateja walidhani nina redio.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kila nikiigusa ile picha, kwenye simu za wale walimu wachanga wote aliokuwa akiwalea kidoti cha kijani kinawaka kando ya jina lake. Maana yake: mlezi yupo.

Huyu binti, mmoja wa walimu hao, alikiona kidoti hicho kila siku. Mimi nimempa jina la Filimbi, kwa ule mkoba wake. Alikaa kwenye kochi ambalo sijalivisha kitambaa, juu ya sponji tupu, akanieleza polepole, wala hakulaumu, na hicho ndicho kilichonichoma. Alituma rekodi ya darasa lake. Kidoti kikawaka, kikazimika, jibu hakuna. Akajua haikupendeza. Akawarudisha watoto, wakaimba upya, akatuma. Kidoti kikawaka, kikazimika. Akaanza kuwabakisha baada ya masomo, wakaimba mpaka wengine sauti zikakauka, na mzazi mmoja akaja juu, akamuuliza kama anafundisha watoto au anafundisha vyura. Wenzake shuleni walimshauri aombe mlezi mwingine. Alikataa. Utaombaje mlezi mwingine na wako unamwona yupo, tena kila asubuhi? Si utakuwa umemtukana? Sasa muhula unaisha, na mwalimu mkuu ameshamwambia arudishe ufunguo wa chumba cha muziki.

"Nimekuja aniambie mwenyewe," akasema. "Kama sifai aniambie tu, baba. Sitakasirika."

Nikamwambia mwalimu amefariki tangu mwisho wa kiangazi.

Aliangalia simu juu ya mkono wa kochi. Mke wangu alikuwa bado anasema, amefika pale anapocheka kidogo kabla ya kupiga makofi. Filimbi akatoa simu yake, akaitazama, akanigeuzia. Kidoti kilikuwa kinawaka.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Mtu akibanwa hutafuta ukuta wa kuegemea, na wangu ulikuwa karibu. Nikaanza kuwalaani wakubwa. Nikasema wao ndio walioleta shada, wao ndio waliosoma hotuba, sasa ilikuwaje wakasahau kulifuta jina? Mtu mmefika mpaka kaburini kwake mnashindwa kujua amekufa? Niliongea mpaka nikajiamini mwenyewe. Nikamwambia, "Twende huko huko ofisini kwao. Leo watanitambua." Nikavaa shati safi. Nyani haoni kundule, na siku hiyo nyani alikuwa amepiga na pasi.

Njiani binti alinishukuru, kwamba ninajisumbua kwa ajili yake. Nilimjibu kwa kukohoa.

Mkuu wa mafunzo alitupokea katika chumba chenye mashine ya kuchapa iliyofunikwa taulo na viti ambavyo sponji zake zimelala chini kama wagonjwa. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, na nikamwaga karibu yote. Nilimuuliza kama idara yake inalipa mishahara ya kulala. Nilimuuliza kama maiti naye anatakiwa aandike barua ya kuacha kazi. Aliniacha nikamaliza. Tena ni mtu mpole, na hilo sijamsamehe.

Kisha akasema, "Mzee wangu, nilikupigia mimi mwenyewe wiki ile ya baada ya mazishi. Nikakuuliza tuifunge akaunti ya mama. Ulinijibuje?"

Filimbi alinigeukia.

Nilikuwa nimemjibu, "Msiiguse." Nilisema mengi, na kwa ukali, kwamba wamemtumia mpaka amekwisha, sasa wanataka na sauti yake? Nikamwambia atakayeifunga tutaonana. Mkuu akaogopa, au akanihurumia, akaiacha. Alipaswa kuwahamishia wanafunzi wa mke wangu kwa mlezi mwingine, na hakufanya. Hapo kosa ni lao na nitalisema popote. Lakini mlango alikuwa anaufunga, na mguu uliouzuia ulikuwa wangu.

Sikumtazama binti. Nilitazama viti. Yeye alikisogeza kidogo kiti chake, mbali na changu.

Mkuu akaeleza kwamba jambo linaweza kurekebishwa leo hii. Mimi nitamke mbele yake kwamba kile kidoti kilikuwa mimi, mlezi hakuwepo, kwa hiyo mwanafunzi hana kosa. Hapo yeye ana mamlaka ya kumpitisha. Ila akishaandika kwamba mlezi amefariki, akaunti inajifunga yenyewe pamoja na masomo yaliyomo.

"Na yanakwenda wapi?" nikamuuliza.

Akasema hilo ni suala la mfumo. Yanaweza kuhamishwa, yanaweza yasihamishwe, atawauliza watu wa mtandao. Nikamwomba basi asubiri kidogo, anipe nafasi hata ya kumsikiliza mara moja ya mwisho. Nilisema hivyo, Mungu ananiona, na binti mwenyewe amekaa pale ufunguo wa chumba cha muziki uko mkononi mwake. Alikuwa ameushika kama mtu aliyeshika mkono wa mtoto kwenye barabara ya magari.

Nikatamka. Kilikuwa mimi. Kila asubuhi.

Mkuu akabonyeza kwenye kompyuta yake, akangoja, akabonyeza tena. Simu ya Filimbi ikalia ndani ya mkoba. Akaisoma, akaniambia imeandikwa, "Umepita."

"Hongera sana mwalimu," mkuu akasema, na kumpa mkono.

"Mbona hujaisikiliza?" Filimbi akamuuliza.

Akacheka kidogo, akasema yeye alisomea uhasibu, muziki anausikia kwenye harusi tu. Mlezi mwingine wa muziki idara haina, tangazo litatolewa. Muhimu amepita.

Tukatoka. Nje ya ofisi kuna benchi la mbao chini ya dirisha, nikakaa. Nikatoa simu ya mke wangu, nikaigusa ile picha ya kinanda. Ikazunguka, ikazunguka, ikaleta ukurasa mweupe. Nikagusa tena. Binti alisimama akiniangalia. Nilidhani ataondoka, na angekuwa na haki. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu." Alikaa mwisho wa benchi, akaweka simu yake katikati yetu, akaifungua ile rekodi ya mwisho.

Watoto wakaimba. Kundi moja lilianza, lingine likapokea. Kuna mmoja, nadhani wa kike, alikuwa anawahi, halafu anawangoja wenzake. Walipofika mwisho sauti zao zilikuwa zimeshuka, au zimechoka, au ndivyo wimbo wenyewe ulivyo, sijui. Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote. Kwanza sikiliza, alikuwa anasema. Nimeisikia sentensi hiyo kuliko mtu yeyote duniani, na masikio yangu ni ya nyundo.

Rekodi ikaisha. Filimbi akanitazama usoni, jinsi ambavyo bila shaka alikuwa akikitazama kile kidoti.

"Baba," akasema, "mama angesikia hivi, angenipitisha?"