Mtu Asiyewahi Kuruka

Alasiri ya jana, katika nyumba ya wageni mjini Nairobi, Bi Saumu wa Muheza alijinyoosha kidogo kitandani na kuota kwamba amerudi makumbusho ya ndege.

Alikuwa ametoka huko muda si mrefu. Dada yake, Mwanjaa, ndiye aliyempeleka, akamzungusha asubuhi nzima kati ya ndege zilizostaafu ili azizoee. Kesho yake walikuwa wapande ndege kwenda Maskati, ambako binti wa Saumu alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Lakini walipokuwa wakila, Saumu alisema bila kuficha, "Nenda wewe, dada. Mimi utaniletea picha."

Kwenye ndoto hakuna foleni. Saumu anaona benchi, anakaa apumzishe miguu. Papo hapo kamba inamzunguka, na kibao kinaning'inia kifuani pake. Anakiinua, anasoma: MTU ASIYEWAHI KURUKA. MUHEZA. USIGUSE.

"Dada, nitoe hapa," anasema.

"Nitakutoaje na wameandika nisiguse?" anajibu Mwanjaa. Ananyoosha mkono, na mkono unagota hewani kama uliogonga kioo.

Wageni wanaanza kuingia. Ni ndege. Kubwa zinapita mlangoni upande upande zisikwaruze mbawa. Ndogo zinakanywa zisikimbie. Anayezitembeza ni ndege kongwe ya mbao na kitambaa, yenye mbawa mbili zilizopandana.

"Huyu anatumia miguu," inaeleza. "Mmoja ukitangulia, mwingine unabaki kulinda nyuma."

"Haanguki?" inauliza ndege ndogo.

"Naanguka," anasema Saumu, maana swali lilikuwa la kwake. "Kisha nanyanyuka, najipangusa."

Ndege zinatazamana.

"Na bado asubuhi unatoka tena?" inauliza moja kubwa, taratibu.

"Nitakosaje kutoka? Kuna soko, kuna msiba, kuna watu wa kuwaona."

Anapokwisha kusema hayo, anayasikia mwenyewe.

"Nitatokaje humu?" anaiuliza ile ndege kongwe.

"Humu hukaa kilichoacha kazi. Kinachofanya kazi hatuna ruhusa ya kukizuia."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Ruka."

"Sina mbawa."

"Afadhali. Hutakuwa na cha kupigapiga. Wewe kimbia tu mpaka ardhi ichoke nawe."

Saumu anasimama, anajifunga kanga vizuri kiunoni. Ukumbi wa makumbusho sasa ni ukumbi wa nyumba yake Muheza, ila umerefuka sana. Mlango wa uani unaonekana mbali, mdogo kama tundu la kitasa. Anakimbia. Mwanjaa anakimbia kando yake, mikono nyuma asije akamgusa. Vyumba vinapita. Jikoni wanakaanga kitu, hana muda wa kuuliza ni nini.

Ardhi inachoka. Inamwachia kisigino kimoja, halafu cha pili, bila ugomvi. Kibao kinadondoka. Bati la nyumba linasogea kumpisha, kisha linarudi mahali pake.

Juu ni kweupe. Saumu anashangaa kwamba haogopi. Kinachomkera ni kwamba haoni vizuri, na angependa kuona kila kitu. Anaingia ndani ya wingu.

Chini kabisa Mwanjaa anapaza sauti, "Saumu, wingu likoje?"

Anamjibu, lakini upepo unalipeleka jibu nyuma.

Alipofumbua macho, jua bado lilikuwa kwenye pazia. Mwanjaa alilala kitanda cha pili, kaelekea ukutani.

"Nimekuuliza, hukunijibu," Mwanjaa alisema bila kugeuka, sauti nzito ya usingizi.

"Umeniuliza nini?"

"Wingu likoje."

Saumu alipeleka mkono kichwani. Kilemba kilikuwa chapachapa, kinadondosha maji. Akaupapasa mto, ulikuwa mkavu.

Akakaa kitako, akakifungua kilemba na kukikamua taratibu kwenye beseni.

"Ni la baridi, dada," akasema. "Kesho utaliona mwenyewe. Ila dirishani nakaa mimi."