Sikio la Pasi

Sauti ya marehemu ilimtoka asubuhi ya Jumanne, kati ya shuka la kumi na moja na la kumi na mbili.

Mama Pasi alikuwa amesimama pale pale anaposimama mwaka wa tisa sasa, nyuma kabisa ya chumba cha dobi, penye dirisha linalotazama kamba za kuanikia. Mikono ilikuwa ikifanya kazi yake, na mikono yake haihitaji kuambiwa. Mwenyewe alikuwa mbali, akimsikiliza marehemu mumewe kichwani kama alivyozoea kila anaponyoosha vyeupe. "Mwenzangu, umelala?" Hayo tu, maneno ya mtu anayerudi kutoka mazoezi ya kwaya akakuta taa imezimwa. Siku hiyo maneno yalikuja yote, hakuna lililopungua, ila yalikuja kwa sauti ya Mama Pasi mwenyewe. Akayarudia. Yakaja tena kwa sauti yake. Akajaribu kuyaendea kwa pembeni, bila kuyatazama, kama mtu anayemvizia kuku. Wapi! Ilikuwa kama kufungua kabati la mtu na kukuta vitundikio vitupu.

"Ee Mungu wangu," akasema polepole, "na hii nayo?"

Miaka mitatu alikuwa amevumilia. Nguo aligawa, viatu aligawa, kitanda alikisogeza ukutani kisionekane kikubwa. Hakulalamika, kwa sababu aliyetoa ndiye aliyetwaa. Lakini sauti hakuigawa kwa mtu. Sauti alibaki nayo, na sasa hajui ameidondosha wapi.

Jioni alipofika nyumbani alivuta droo ya chini, akatoa CD ya kwaya. Kwaya yao ilirekodi mara moja tu, nyimbo nane, mwaka ule kanisa lilipopata bati jipya. Mumewe aliimba besi. Zamani walikuwa wakiipiga sebuleni, kwenye redio kubwa ambayo sasa imekufa na juu yake pamewekwa maua ya plastiki. Akaigeuza CD, akajiona usoni mwake, uso wenye tundu katikati.

"Umo humu," akaiambia. "Nitakufuata humu humu."

Kesho yake alipita kwa fundi redio wa mtaa wa pili, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Natafuta kitu cha kupigia hii. Kidogo, cha kutembea nacho."

Fundi akaipokea CD, akaipuliza vumbi. "Mama, hizi zimepitwa. Niachie nikuwekee nyimbo kwenye simu, dakika mbili tu."

"Simu yangu ina tochi na namba za wanangu. Haina nafasi ya kwaya."

"Kwaya yenyewe ina watu wangapi?"

"Thelathini na wawili."

"Aa, hapo kweli hawaenei," fundi akasema, na wote wawili wakacheka.

Akainama chini ya meza, akapekua, akaibuka na kicheza CD cha mkononi. Kilikuwa cha mviringo, rangi ya fedha, ukubwa wa kifuniko cha sufuria ndogo, na kilikuja na spika za masikioni za mtindo wa zamani, zile za utepe wa chuma unaopita juu ya kichwa na sponji mbili. Akatia betri mbili, akaweka CD, akabonyeza. Ndani ya kile kidude kitu kikaanza kuzunguka, kwa mlio mdogo sana, kama nyuki aliye chumba cha pili.

"Kina ugonjwa mmoja," fundi akasema. "Hakipendi kutikiswa. Ukikitikisa, wimbo unarukaruka. Kibebe kama mtoto aliyelala."

"Watoto waliolala nimebeba wanne. Hicho si kitu."

Walivutana kidogo juu ya bei, kwa heshima, kila mmoja akimtaja Mungu mara mbili, wakakutana katikati. Mama Pasi akaondoka nacho kifuani.

Si kwamba alikosa pa kusikilizia nyumbani. Lakini nyumbani kuna wajukuu, na wajukuu wakiona kitu kinachozunguka hawana simile. Tena sauti ilimtoka akiwa kwenye pasi, na kilichoangukia mahali hutafutwa pale pale. Basi akakifunga kile kidude tumboni kwa kipande cha shuka kuukuu, akavaa utepe kichwani, akaweka sponji moja kwenye sikio la kulia. Ile nyingine akaisukuma nyuma ya sikio la kushoto.

Sikio la kushoto ni la pasi. Mpiga pasi yeyote anajua jambo hili. Pasi ya mvuke huongea. Ikiwa na maji ya kutosha hunong'ona. Maji yakikaribia kwisha hukohoa. Na ikikohoa mara ya tatu hutema maji ya kutu. Tone moja la kutu kwenye shuka jeupe la wageni, basi jibizana na msimamizi mpaka uchoke. Kwa miaka tisa Mama Pasi hakuwahi kutia tone. Sikio la kushoto lilikuwa limeajiriwa, halikuwa lake.

Siku ya kwanza nyimbo zilirukaruka kama panzi. Kila alipoinama kufikia upande wa pili wa shuka, kwaya nzima ilikatwa neno mdomoni. Akajifunza upya kazi aliyokuwa akiwafundisha wengine: miguu imetulia, kiuno kimetulia, mkono unatoka kwenye kiwiko peke yake.

Mfuaji wa pale, binti mmoja waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alisimama na ndoo yake akamtazama.

"Mama Pasi, siku hizi unapiga pasi kama bibi harusi anayepigwa picha!"

"Fua, mwanangu. Povu linakungoja."

"Na tumboni umeficha nini? Usije ukatuletea habari nyingine uzeeni!"

"Nimebeba kwaya," Mama Pasi akajibu, na Chiriku akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo.

Lakini ilipofika siku ya nne nyimbo ziliacha kuruka, na hapo ndipo siku zake zilipobadilika. Wimbo ukianza, chumba cha dobi kilirudi nyuma taratibu, kama mtu anayempisha mgeni. Mvuke ulipanda kutoka kwenye pasi ukakaa juu yake kama dari la pili. Sauti za juu zilipita, nyembamba na safi, kisha sauti za pili zikapita chini yake zikizishika mkono. Shuka lililokuwa mezani lilikuwa njia nyeupe ndefu, na yeye akaifuata kwa pasi yake, pole pole, pasipo kufika mwisho. Likikunjwa lilikuja jingine, na njia ikaendelea. Dirishani foronya zilijaa upepo zikainuka zote kwa pamoja, na mara nyingine aliona kabisa kwamba zinavuta pumzi kabla ya ubeti. Aliwajua wanawake wote. Yule muuza vitambaa aliyeimba akiwa amefumba macho. Yule mkunga aliyepandisha mabega kila penye noti ya juu. Waliimba ndani ya sikio lake la kulia, wengine wakiwa wamekwisha kuzikwa, na sauti zao hazikuwa na habari hiyo.

Wanaume tu hakuwaona. Kwa mbali sana, nyuma ya wanawake, palikuwa na kitu kama gogo linalobiringishwa chumba cha jirani. Alinyoosha sikio kulifuata, likapotea.

Wiki ya kwanza alijiambia ni uzee. Wiki ya tatu alianza kuogopa. Wiki ya sita alikuwa anazijua nyimbo zote nane pumzi kwa pumzi, na mumewe hakuwa amemwona hata kivuli. Sasa aliogopa jambo baya zaidi ya lile la Jumanne. Huenda mume yumo, anaimba kila siku masikioni mwake, na yeye mke wa miaka ishirini na sita hamjui tena. Kusahau sauti ni jambo moja. Kuisikia usiitambue, huko ni kumfunga mtu mlango akiwa amesimama uani. Akaliombea jambo hilo kila alfajiri, kwa maneno machache, maana aliona haya kulisema kwa urefu.

Siku ya Ijumaa, karibu na saa sita mchana, akaingia Ngurumo na furushi la majoho ya kwaya. Ngurumo alikuwa rafiki wa marehemu, aliimba naye besi tangu wote wawili wana nywele, na watoto wa mtaani walimpa jina hilo kwa salamu zake tu.

"Shemeji!" akanguruma, na vioo vikasikia. "Majoho haya yamekunjamana kama roho ya mwenye dhambi. Uyaokoe kabla ya Jumapili."

Mama Pasi hakucheka. Alizima pasi, akamwita pembeni, akamweleza yote, jicho kwenye sakafu. "Niambie kweli, shemeji. Siku ile ya kurekodi alikuwepo? Au alikuwa kazini, na mimi nimejidanganya?"

"Asiwepo vipi! Nilisimama bega kwa bega naye. Besi tulikuwa wanane, na mwalimu alitunoa mpaka tukawa koo moja. Lete hicho kidude."

Akavaa utepe, ukamkaa kama kikombe juu ya tikiti, sponji zote mbili masikioni. Akafumba macho. Baada ya muda mfupi mdomo wake mkubwa ukaanza kutetemeka.

"Tumo," akasema kwa sauti ndogo ambayo Mama Pasi hakujua kwamba anayo. "Lo, shemeji, tumo wote wanane. Sikiliza mwenyewe."

Mama Pasi akavaa, sponji moja sikioni, nyingine nyuma ya sikio. Akasikiliza. Muuza vitambaa. Mkunga. Akatikisa kichwa, na machozi sasa yalikuwa karibu.

Ngurumo akamtazama sana. "Na hilo sikio la pili?"

"Hilo la pasi."

"Pasi imezimwa, shemeji."

"Mazoea."

Ngurumo akajipiga paja. "Mama wee! Siku ile tulisimama kama tunavyokaa ibadani. Wanawake kulia, wanaume kushoto, na kipaza sauti kila upande, na humu kila upande una sikio lake. Kwa hiyo wiki zote hizi, shemeji yangu, umekaa upande wa wanawake!"

Chiriku, ambaye alikuwa amesogea na ndoo isiyo na maji, alipasuka kwa kicheko, na safari hii Mama Pasi naye akacheka, kicheko kilichochanganyika na kitu kingine, akijifuta uso kwa ncha ya joho la mtu. Maana ilikuwa kweli. Miaka yote ya ndoa yake kila Jumapili alikaa upande ule, akimwona mumewe kwa mbali kisogo na kola.

Ngurumo aliaga akaenda zake. Ulikuwa wakati wa mapumziko; pasi zote zilikuwa zimepoa. Mama Pasi aliketi juu ya kapu la mashuka safi yaliyokuwa bado na joto, akaweka kidude chake magotini, akafunika masikio yote mawili. Chumba kikaondoka kabisa. Hakuna kilichobaki cha kuchunga.

Walikuja kutoka kushoto, kama ardhi inavyokuja chini ya mguu wa mtu anayeshuka ngazi gizani. Sauti nane, koo moja. Wimbo wa kwanza akapapasa kati yao kama mtu anayetafuta nguo yake kwenye kamba ya wengi. Wa pili hivyo hivyo. Kweli mwalimu alikuwa amewanoa: hakuna aliyezidi, hakuna aliyepungua. Katika wimbo wa tatu, kabla ya ubeti wa mwisho, kwaya nzima ilinyamaza kidogo, na katika ukimya ule mtu mmoja alivuta pumzi mapema. Aliivuta kwa pua, na mwishoni ikapiga mluzi mdogo, mwembamba, wa pua iliyowahi kuvunjika utotoni.

Mama Pasi akashika kapu kwa mikono miwili.

Alikuwa ameisahau kabisa pumzi ile. Hakuwahi hata kuitafuta. Alikuwa amelala ubavuni pake miaka ishirini na sita, akiisukuma kwa kiwiko ili inyamaze. Na pumzi ilipokwisha kuingia, sauti ikatoka juu yake, nzito, iliyokwaruza kidogo pembeni, yenye subira. Ni yeye. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alimfuata neno kwa neno mpaka mwisho wa ubeti, kama mtu anayetembea nyuma ya mtu anayemjua, bila kumwita.

Wimbo wa nne ulipoanza, akazama tena kati ya wenzake. Mama Pasi hakumtafuta.

Bega lake liliguswa. Alikuwa Chiriku, na midomo yake ilikuwa inasema jambo, kengele pengine, au msimamizi. Mama Pasi aliinua kidole kimoja.

"Ngoja," akasema. "Wanaume wanaimba."