Mume wa Dafroza

Dakta Leonardi alipotoka mlangoni na kuita mume wa mgonjwa, watu wawili waliinuka kwenye benchi. Mmoja alikuwa Makongoro wa Kabasa, kule Bunda, mwanaume wa miraba minne aliyevaa koti la mtumba lenye vifungo vya shaba, na jua la Musoma likiwaka kama kawaida yake. Wa pili alikuwa Petronila wa Butiama, mwanamke wa miaka sitini na ushei, kitenge kimekazwa, rozari shingoni. Dakta akawatazama, akatazama karatasi yake, akawatazama tena.

"Nimesema mume," akarudia taratibu.

"Ndiyo mimi," akasema Petronila. "Huyu anakujaga tu."

Tusimlaumu dakta. Alikuwa mtu wa Songea, na huko Songea hawakumfundisha mambo haya. Mtu wa Mara angeelewa papo hapo. Petronila hakujaliwa kuzaa. Mumewe Stanislausi alipofariki, alimwachia mji na ng'ombe, hakumwachia mtoto. Sasa mwanamke wa namna hiyo, kwa mila ya kwao, hakai akashika tama mpaka mashemeji wamalize kugawana zizi. Anatoa ng'ombe, anaoa. Nyumba ntobhu, ndivyo wanavyoiita: mwanamke anamwoa mwanamke mwenzake, anamchagulia mwanaume wa kuja na kuondoka, na watoto wanaozaliwa wanakuwa wa nyumba ile na kubeba jina la marehemu. Padre wa parokia alijua, akajifanya hajui. Petronila naye alijua kwamba padre anajua, na kila Jumapili waliamkiana vizuri sana.

Dafroza aliolewa kutoka Bukima, ziwani, katika ile miaka mibaya ya foleni, nyavu hazipatikani, sabuni haipatikani, sukari ndiyo usiseme. Baba yake alikuwa mvuvi asiye na wavu. Alipoona ng'ombe wanaingia uani hakuwa na maswali mengi. Sasa mambo yamekuwa ruksa, maduka ya mtaa wa Iringo, mjini Musoma, yamejaa vitu mpaka barazani, na Dafroza amekwisha kuzaa mabinti wawili. Petronila anawapenda wajukuu wale, au watoto wale, waite utakavyo. Lakini mabinti huolewa wakaenda. Alichokuwa akikingoja, tena kwa novena, ni mvulana wa kulishika jina la Stanislausi.

Badala ya mvulana kikaja kivimbe. Dafroza alikipata akioga, kwenye titi la kushoto, kama punje ya harage, akanyamaza nacho mpaka kikawa zaidi ya harage. Walipofika hospitali walimkata kinyama kidogo kikapelekwa Mwanza kupimwa, na jibu likachelewa kurudi. Lilipokuja, lilikuwa saratani.

Dakta hakuwa na subira ya kuchambua ndoa ya watu. Akawaingiza wote, Dafroza akakaa katikati, mikono mapajani.

"Kuna njia mbili," dakta akasema. "Ya kwanza, naondoa titi lote pamoja na vitezi vya kwapani. Hiyo naifanya hapa hapa. Ya pili, naondoa uvimbe na nyama ya pembeni yake, titi linabaki. Lakini hiyo ya pili haijakamilika mpaka aende Dar akapigwe mionzi, wiki nyingi. Bila mionzi, ugonjwa una nafasi kubwa ya kurudi."

"Ipi inaponya?" akauliza Petronila.

"Zote mbili. Wanaofuata njia ya pili mpaka mwisho wanaishi sawa na wale wa njia ya kwanza."

Hapo ndipo kichwa cha Petronila kilipoanza kumzunguka. Maisha yake yote, mganga aliyejua kazi yake alisema jambo moja, nawe ukatii au ukakataa. Huyu kasoma mpaka ng'ambo, halafu anakuletea mawili na kusema yako sawa. Kama yako sawa, kuchagua kwa nini?

"Dakta, wewe ndiye mwenye elimu. Niambie moja nikubali."

"Siwezi, mama. Anachagua mgonjwa."

"Mgonjwa haulizwi uji."

"Huu si uji," akasema dakta, akafunga faili. "Jumatatu ndiyo siku ya upasuaji. Mje na jibu."

Walikuwa wamefikia Iringo, kwa Hyasinta, binti wa dada yake marehemu Stanislausi. Njiani Makongoro akamshika Petronila mkono, akamvuta pembeni ya duka la vitenge, Dafroza akatangulia. Makongoro alikuwa na maneno matamu. Mtu hauzi mitumba Kabasa bila maneno matamu.

"Mama, aende Dar. Nitampeleka mwenyewe. Bro wangu yuko kule, ndiye ananitumiaga marobota. Tutakaa kwake mpaka mionzi iishe."

"Tutakaa?"

"Mtu hawezi kumwacha mgonjwa peke yake mjini." Akashusha sauti. "Na nikuambie ukweli, mimi sina ubaya na mila. Lakini mkilikata hilo titi, mimi msinitafute. Siwezi."

 Petronila alimtazama akivuka barabara na koti lake, akajisikia hasira. Huyu ndiye aliyemchagua yeye mwenyewe, kwa sababu ana mabega na kwao wanazaa wavulana.

Usiku huo hakulala vizuri, wala asubuhi haikumletea nafuu. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi hana mume kaburini wa kumjibu. Likikatwa titi, Makongoro haji tena, na mwanaume gani mwingine atakuja kwa mwanamke mgonjwa wa nyumba ya ajuza? Mvulana hakuna, jina limekwisha, mashemeji watakuja na fimbo zao kuhesabu zizi. Akienda Dar na Makongoro, titi litabaki na uhai utabaki, lakini Dafroza je, atarudi? Dar ya siku hizi, watu wanauza mpaka hewa, chumba kimoja, mwanaume mmoja, mwanamke mmoja, miezi. Watoto watazaliwa huko na kuitwa kwa jina la Makongoro. Na kumpeleka yeye mwenyewe hakuweza. Nani angebaki na mabinti, nani na ng'ombe?

Ndipo likamjia wazo la tatu, likaja polepole kama mtu anayejua hatakiwi. Si waondoe uvimbe tu, halafu warudi Butiama? Dar waseme watakwenda, wasiende. Titi linabaki, Makongoro anaendelea kuja, mvulana anazaliwa. Dakta kasema ugonjwa una nafasi ya kurudi, hakusema utarudi. Mungu naye si yupo? Mwaka mmoja tu ungetosha. Miwili.

Jumapili aliingia misa na wazo hilo na akatoka nalo. Alijaribu kuliombea, lakini kila alipofikia pale pa kumtaja Dafroza, ulimi ulikuwa mzito, akarukia kwa marehemu. Jioni Hyasinta alipika sato na ugali wa muhogo. Petronila akammegea Dafroza minofu ya mgongoni na kumtolea miiba, kama alivyowafanyia wale mabinti. Dafroza akala bila neno.

"Umeonaje hilo jambo?" Hyasinta akamuuliza Dafroza.

"Mama ataona," akasema Dafroza.

Na mama alikuwa ameona, ila alichokiona hakikumpa raha. Alitamani Dafroza alie, apige kelele, aseme hata upuuzi, apate wa kubishana naye. Ukimya ule ulimwachia mzigo wote. Moyoni akajiambia kwamba ndiyo maana ya kuwa mume, kukata shauri wengine wakiwa wamenyamaza, na Stanislausi naye ndivyo alivyokuwaga. Halafu akakumbuka ni mangapi ambayo Stanislausi aliyakatia shauri na yeye akayameza, na kumbukumbu hiyo akaifukuza haraka.

Jumatatu walifika na vitu walivyoagizwa kununua, glovu na nyuzi na spiriti, maana siku hizi hospitali ilikupa dakta, mengine ulikuja nayo. Dafroza alikuwa amekwisha kuvishwa gauni la kijani, amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia. Makongoro hakuonekana. Dakta Leonardi akaja.

"Mmeamua?"

Petronila akapiga moyo konde. "Uvimbe tu. Titi libaki."

"Vizuri. Na Dar anakwenda lini? Niandike barua leo."

"Dar tutaangalia."

Dakta akaacha kuandika. Alimtazama Petronila, si kwa ukali, halafu akamgeukia Dafroza.

"Wewe unasemaje?"

"Sijui," akasema Dafroza.

"Huwezi kukosa kujua. Ni mwili wako."

"Sijui, dakta. Sijawahigi kuulizwa." Hakusema kwa kulaumu, alisema kama mtu anayeeleza kwa nini hajui kuogelea. "Siku ng'ombe zilikuja kwetu nilikuwa nimeenda ziwani kuosha vyombo. Nikarudi, nikaambiwa nifunge nguo. Na Makongoro, nilitoka shamba nikamkuta amekaa ndani, nikaambiwa nimpe maji ya kuoga. Sasa hili unaniuliza, natafuta kichwani, sioni kitu."

Petronila alisikia uso wake unawaka. Yeye ndiye aliyesema mpe maji ya kuoga. Aliikumbuka sauti yake mwenyewe, ilivyokuwa ya furaha siku ile.

"Basi tutafute pamoja," akasema dakta. "Unaogopa nini zaidi?"

Dafroza akafikiri, na safari hii alifikiri kweli, kwa sababu paji la uso lilikunjamana. Mwisho akamgeukia Petronila.

"Mama, nikuulize. Ungekuwa hukunioa. Ungekuwa jirani tu, umekuja kuniangalia. Ungeniambia nifanye nini?"

Hapo Petronila angeweza kusema uongo, na uongo alikuwa nao tayari, alikuwa ameufanyia mazoezi tangu juzi. Lakini Dafroza alikuwa anamtazama machoni, jambo ambalo katika miaka yote ile hakulifanya hata mara moja.

"Ningekuambia likatwe lote," akasema. "Ningekuambia ulikatishe leo, urudi nyumbani, uwalee watoto wako."

"Na mtoto wa kiume?"

 

Dafroza akangoja kidogo, kwa heshima, kama anavyongojewa mkubwa amalize. Alipoona hakuna jibu, akamgeukia dakta.

"Likatwe lote," akasema. Kisha, bila kuinua sauti, akaongeza, "Na Makongoro asikuje tena. Nilikuwaga nalala nikiomba lori zikose mafuta kule Bunda, asifike."

Hayo ya pili hayakumhusu dakta, naye alikuwa na busara ya kujishughulisha na faili lake. Petronila akabaki amesimama. Hivyo miaka yote ile, yeye akipiga novena mwanaume afike, mwenzake chumba cha pili alikuwa akiomba asifike, na wote wawili walikuwa wakimwomba Mungu yule yule. Akawaza mashemeji, zizi, kaburi la Stanislausi lenye msalaba wa saruji, jina ambalo halitaitwa tena na mtu yeyote pale Butiama. Yote yalimjia kwa pamoja, hakujua aanze na lipi. Wauguzi wawili walikuwa wamekwisha kushika kitanda.

"Mama?" akaita Dafroza. Alikuwa bado anasubiri jibu.

"Asije," akasema Petronila.

Wakasukuma kitanda. Petronila akakifuata hadi mlango wa chumba cha upasuaji, pale ambapo wengine hawaruhusiwi kupita, na machozi yakimtiririka hakujua anamlilia nani kati ya wale watatu: mume aliyekufa, mke anayekatwa, au mvulana ambaye hatazaliwa, aliyemtoa yeye mwenyewe kwa neno moja.