Mwaluma Alivyokwenda Kumtasia Binti Yake

Mwaluma alipanda kilima kutoka Mraru na kibuyu kwapani, kakikumbatia kama mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na pombe ya miwa aliyoikamua mwenyewe. Hakuwa anakwenda kulewa. Alikuwa anakwenda kumtasia binti yake, Tryphena, ambaye siku hiyo alikuwa anatoka chuo cha misheni mwalimu kamili.

Tryphena alipomkataa mchumba ili akasome, Mwaluma alimwambia, "Ukivuka kizingiti hiki, mimi si babako." Naye akavuka. Tangu hapo homa haikumwacha. Akiinuka leo, kesho yu kitandani. Wazungu walimpa kwinini. Mwaluma hakuhitaji kuambiwa ugonjwa ulitoka wapi. Kwa Wadawida, wenyeji wa milima ya Taita, hasira ya mzazi haingoji mganga wa kuituma, hujiendea yenyewe. Dawa yake ni kutasa: mzazi ajaze mdomo pombe, aipulize matone mbele ya mwanawe, ataje kilichomuudhi na kukifukuza. Lakini moyo sharti uwe mweupe. Anayetasa huku amefunga fundo anamchimbia mtoto kaburi.

Na moyo wa Mwaluma ulikuwa mweupe. Ulichelewa, lakini ulikuwa mweupe. Binti wa mchunga mbuzi kuitwa mwalimu, ni mchezo?

Uwanjani, chini ya picha ya Malkia kijana, alikalishwa benchi moja na Kilonzo, Mkamba muuza ng'ombe, ambaye bintiye pia alikuwa anahitimu.

"Mzee, uji huo mbona unatoa povu?"

"Ni uji wa kwetu."

"Uji wa kwenu ukinywewa mtu anaimba. Ufiche, Baba Tryphena! Hapa hata ugoro ni dhambi."

Jina la Tryphena likaitwa. Akasimama, mwembamba, gauni jeupe likimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Watu walipiga makofi, wakanyamaza, Mwaluma akaendelea peke yake.

"Wangu huyo! Huyo ni wangu!"

Sherehe ilipokwisha, Tryphena alimjia mbio, cheti mkononi, uso umejaa furaha. "Baba! Umekuja kweli!" Kisha harufu ikamfikia. "Baba, hiyo ni pombe?"

"Ya kukutasia. Inama tu, mwanangu."

Tryphena akageuka. Mama Mkuu wa chuo alikuwa anakuja upande wao na wageni wake. "Mwenzangu alikutwa na chupa, akanyang'anywa cheti siku iyo hiyo. Watanipokonya, Baba!"

"Nani atakupokonya baraka ya babako?"

Tryphena alikipokonya kibuyu, akakimimina chote kwenye bustani ya maua. Povu likatuama juu ya udongo. Wasichana waliokuwa karibu wakacheka, na mmoja akasema, "Mwalimu, leo maua yatalala njiani!" Tryphena naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye hofu. Mwaluma alikisikia.

Alisimama pale na kibuyu kitupu mpaka chai ikanywewa ikaisha. Lori la kuwapeleka walimu wapya Njukini likaanza kupiga honi. Ndipo Tryphena alipomshika mkono, akamvuta nyuma ya jiko, penye mfereji, akakinga kikombe cha maji.

"Hata maji yanafaa, Baba. Nyanya alikuwa akitutasia kwa maji. Nitasie upesi." Akamkabidhi kikombe. "Nimechoka kuugua."

Akapiga magoti, akafumba macho.

Mwaluma alijaza mdomo. Aliutafuta moyoni ule weupe aliopanda nao kilima, akakuta povu juu ya udongo, akakuta kicheko. Alikisukuma kile kicheko kama mtu anayesukuma fahali nje ya zizi, hakikutoka. Akajiambia ni mtoto, aliogopa, hakuwa na la kufanya. Yote yalikuwa kweli, na fundo lilikuwa pale pale. Maji yakapata joto mdomoni mwake. Honi ikalia tena.

Akayameza.

"Baba? Sijahisi tone."

"Inuka, mwanangu. Gari litakuacha."

"Lakini umetasa?"

Mwaluma alimshika kiwiko amwinue, na kiwiko kilikuwa cha moto.