Duara Jekundu la Kitanda cha Tisa

...na akibofya pembeni tu basi, limeganda, maana programu yenyewe ni ile ya bure ya kuchorea, ukishakiachia kitu hukisogezi tena, ila sasa duara bado limezungukwa na vinukta vinavyotembea, bado linasogezeka, na limekaa juu ya jina la mama yake, mama aliyelazwa juzi ghorofa ya juu ya hospitali hii hii, kitanda cha tisa, na nani alimtuma apige picha ya skrini ya wodi ile, kila mgonjwa na mstari wake wa vipimo, lakini kitabu cha maelekezo ya kompyuta za wodi anachokiandaa kinataka skrini halisi, mkuu kasema vyote vionekane, jina tu lifunikwe kwa duara lenye namba, kisha mshale, kisha maneno ya kumwelekeza nesi mgeni abonyeze wapi... “Fundi Mishale, umefika wapi?” ndiye mkuu huyo, mlangoni, kikombe mkononi, “Namalizia bosi, nasogeza kidogo,” anasogeza nini, kipanya hakijasogea hata kidogo, kwa sababu yule mzee wa sura ya kwanza ya kitabu alimfunika jina asubuhi, kesho yake kwenye skrini jina limefutwa, mstari wake mtupu, amefariki, akasema basi, ni kazi ya Mungu, halafu yule dada wa sura ya pili, duara, mshale, mstari mtupu, na hakumwambia mtu, wangemcheka mpaka wachoke, eti duara linaua... na mama jana kwenye simu, “Mimi sijambo mwanangu, wewe umekula?” sauti nyembamba hiyo, inatoka mbali, na ngazi ni moja tu kati yao... “Si uchukue mstari wowote?” anasema mkuu, “Wowote uliojaa, bosi, nikielekeza mshale kwenye kisanduku kitupu nesi ataelewa nini,” na iliyojaa leo ni miwili, wa tisa na wa nane juu yake, wa nane naye ni mama wa mtu, jina ameshalisoma, heri asingelisoma, na mkono wake unalivuta duara juu, taratibu, Mungu amsamehe, nusu ya jina la mama imeshatokeza, kidogo tu, atalia mtu mwingine, si yeye... uliojaa, si amesema uliojaa, mzee wa sura ya kwanza alikuwa amejaa, joto, presha, mapigo, oksijeni, na yule dada vilevile, ndiyo maana aliwachagua, na nani anapimwa vyote hivyo kila saa kama si mahututi, anayeruhusiwa kwenda nyumbani kesho anapimwa joto asubuhi na kuachwa, mstari wake karibu wote mweupe, kwa hiyo duara halijaua mtu, wala halikuwahi, hapo alitakiwa ashushe pumzi na pumzi haishuki, kwa sababu mstari wa mama umejaa kutoka mwanzo hadi mwisho, kila kisanduku... vinukta vinatembea, “Bado tu?” anauliza mkuu, “Bado,” anajibu, na anatamani kwa moyo wake wote iwe kweli duara ndilo linaloua, duara angeweza kulisogeza.