Kelele za Mke Wangu

Kwanza walinishika mimi. Kitu kikiharibika katika jengo lile la utafiti, anayeshikwa ni mtu wa pampu.

"Mzee Pampu, mashine yako inatutikisia uzi," Profesa mkuu aliniambia mlangoni, hata salamu hakunipa.

"Pampu nimeizima tangu jana, mkubwa. Kaiguse, imepoa kama maiti."

Uzi wenyewe uko chini ya ardhi, mwisho wa korido ndefu isiyo na dirisha. Ni mwembamba kuliko unywele, na umening'iniza gololi ya chuma ndani ya tangi la kioo. Wanasema ulimwengu umejaa maada ya giza, kitu kizito kisichoonekana, kinachotupita mwilini bila kupiga hodi, na hakuna aliyewahi kukishika. Wao wanangoja kiiguse ile gololi. Mimi shule niliiacha mapema, siwezi kubisha. Ninachojua ni kwamba ili gololi itulie, walizima feni zote za kule chini. Feni zinatikisa, walisema. Mke wangu ndiye aliyekuwa akideki korido ile kila asubuhi, kwa ile dawa kali inayochoma macho. Alilalamika. Wakamwambia avumilie, utafiti hauwezi kusimama kwa ajili ya kikohozi. Basi kikasimama kifua chake. Walituletea shada la maua, nalo lilifika tumeshatoka makaburini.

Tangu hapo hakushuka mtu kudeki. Vumbi halina kelele, walisema.

Kisha uzi ukaanza kucheza. Kila asubuhi, wakati ule ule wa deki, mstari wake kwenye skrini unaruka kidogo, unaruka sana, kidogo, sana, halafu kimya, halafu tena. Na kule chini hamna mtu. Pampu yangu ilipoonekana haina kosa, Profesa akaamini ni ile maada ya giza, akawa hashikiki kwa furaha. Akaalika wageni wanaogharamia mashine ile waje waone. Alipita korido za juu akipiga mluzi, yeye ambaye hata kucheka tulidhani hajui.

Aliyemharibia sherehe ni yule dada wa hesabu, ambaye kazi yake ni kuifundisha kompyuta. Alinifuata chumba cha pampu, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa bila kuuliza kama ni safi.

"Baba, marehemu alikuwa na mguu mbovu?"

"Wa kushoto. Kwani?"

Akanieleza polepole, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Kompyuta yao inajifunza kelele za jengo zinazojirudia, inazitoa, kama kwenye hesabu ya kutoa, kabla mstari haujafika kwenye skrini: lifti, malori ya barabarani, pampu yangu. Hakuna aliyeiambia habari za mke wangu. Ilimzoea yenyewe; hatua fupi, hatua ya kuburuza, ndoo inatua. Miaka yote hiyo ilikuwa ikimtoa kimya kimya kila asubuhi. Sasa hayupo, nayo bado inamtoa.

"Ukitoa kitu mahali ambapo hakipo, panabaki shimo," akasema. "Wanachokiona ni hilo shimo."

"Sasa mtafanyaje?"

"Profesa amesema tumfute." Akajiziba mdomo. "Tuifute hiyo sehemu. Nisamehe, baba."

Lakini kufuta ni kuifundisha kompyuta upya, na wageni wanakuja kesho. Kama ugunduzi hakuna, Profesa alitaka angalau waone mashine tulivu. Basi akapata ile akili ya wakubwa. Aliniita ofisini, na mara hii nilipewa kiti.

"Wewe mwendo wake unaujua. Kesho ukishuka ukatembea kama yeye, kompyuta itakutoa wewe, mstari utanyooka. Wageni wakiondoka tunafuta, yamekwisha."

"Yaani nimwigize marehemu ili asionekane."

"Usiyakuze, mzee."

"Hivi aliyezima feni umemwita akaigize nini?"

Ningeweza kuondoka. Nilikubali kwa jambo moja tu: ili niende sawa naye, yule dada angeniwekea sikioni mwendo wake, kama kompyuta inavyoukumbuka. Baada ya kesho asingekuwepo tena mahali popote.

Asubuhi nikashuka na dekio na ndoo. Kidude sikioni kikakoroma, halafu nikamsikia. Hatua fupi. Ya kuburuza. Nilizijua hatua zile kutoka jikoni, kutoka uani, kutoka upande wa pili wa mlango wa chumba chetu. Nikauburuza mguu wangu mzima, bega kwa bega na mtu asiyekuwepo.

"Safi, mzee!" Profesa alisema kwenye spika ya darini. "Mstari umelala kabisa!" Nyuma yake nilisikia vikombe na vicheko.

Katikati ya korido hatua zikakoma. Nikasimama. Nilidhani anakamua dekio. Nikangoja. Akachelewa. Ndipo nikaona ukutani, usawa wa bega lake, rangi imechakaa kwa umbo la kiganja. Na kompyuta hujifunza kinachojirudia tu, yule dada alishaniambia. Basi kila siku alisimama pale, ameushika ukuta, anaitafuta hewa, huku wao juu wakilinda gololi yao. Nyumbani alikuwa akiniambia, "Nimechoka kidogo tu, baba watoto, usinitazame hivyo."

Hatua zikaanza tena. Zangu hazikuanza. Akanipita.

"Mzee! Tembea!"

Sikutembea.

"Mstari unaruka! Tembea, nakwambia!"

Sauti ya mama mmoja mgeni ikaingia kwenye spika: "Ni nini hicho? Mbona kama kinatembea?"

"Kelele tu hizo," Profesa akasema.

"Ni mtu," yule dada wa hesabu akasema. "Alikuwa akideki hapo chini."

"Yuko wapi sasa?"



Mbele yangu korido ilikuwa tupu, nyeupe kwa taa. Sikioni alikuwa anaelekea kwenye mlango wa gololi, fupi, ya kuburuza, fupi. Profesa aliniita mpaka sauti ikamkauka. Nilibaki nimesimama vile vile, nimebana pumzi, nisije nikamfunika kwenye skrini yao, mpaka alipomaliza kudeki korido nzima.