Karatasi ya Ushindi

Saa mbili asubuhi Yoeli Mlowe alikuwa amekwisha toka na kurudi kwenye foleni mara tatu, nje ya kiwanda cha mbao pale Makambako. Kusimama kulimshinda. Alishuka alfajiri kutoka kwenye lori la magome ya miwati, miti ambayo magome yake hulainisha ngozi, baridi ya Njombe ingali mifupani, na tangu hapo miguu haikutaka kutulia.

Wiki iliyopita alikuwa ameshinda kesi. Nyapara wa shamba la miwati alimsingizia kwamba anayamwagia magome maji ili yazidi uzito kwenye mizani, na meneja Mzungu akamfukuza siku hiyohiyo. Yoeli alishitaki bomani; Bwana Shauri, ofisa wa serikali aliyeamua kesi huko, alisikiliza, akaona kwamba mvua ilinyesha juu ya magome ya kila mtu, akaandika kwamba Yoeli ameonewa. Kanisani watu walimpa mkono. Lakini meneja hakulazimishwa kumrudisha, na nyumba ya kambini alikwisha pewa mtu mwingine. Haki alipewa, pa kulala nayo hakupewa. Mkewe Hulda na watoto walikuwa wakilala jikoni kwa shemeji, na shemeji ameanza kununa.

Zamu yake ilipofika, karani Odilo alikifungua kipande chake, kijitabu cha kazi alizowahi kufanya. Wino mwekundu wa meneja wa shamba ulisema: Asiajiriwe tena.

"Kamwene, bwana karani. Hayo ni uongo," Yoeli akasema upesi, akimpa hukumu ya bomani. "Soma hapa. Nilishinda."

Odilo aliisoma taratibu, akaikunja haraka.

"Ndugu yangu, hii ungeificha. Mwizi wa magome ningeweza kumwombea. Aliyemshitaki Mzungu akamshinda, nani atamtaka?"

"Sasa nifanyeje?"

Odilo akainama dirishani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma.

"Choma vyote viwili. Sema hujawahi kuajiriwa popote, nikuandike jina jingine. Danieli, Kristofa, chagua mwenyewe. Utaanza kwa kubeba magogo, lakini nyumba ipo. Kesho mama watoto anahamia."

Mawazoni Yoeli alimwona Hulda akikoka moto wake mwenyewe, machozi yakamlenga. Wangapi hapo kiwandani waliitikia majina yasiyo yao? Wengi, na walikuwa wanakula. Lakini akishakuwa Danieli, Yoeli atabaki mwizi milele, na safari hii atakuwa amejihukumu mwenyewe. Hasira zikampanda, hasa kwa kuwa ushauri ulikuwa mzuri.

"Watu wanangoja, bwana. Jina?"

"Yoeli Mlowe. Baba yangu Anania Mlowe, wa Njombe."

"Na watoto je?"

"Watoto ni wa Mlowe pia."

Odilo akamrudishia karatasi zake. "Basi hakuna kazi. Anayefuata!"

Yoeli hakusogea.

"Niandikie kwamba umenikataa kwa sababu nilishinda kesi. Nitaipeleka bomani."

Odilo akatazama nyuma, kwenye mlango wa bwana mkubwa wa kiwanda, kisha akakitia kizibo kidau cha wino bila kuandika neno.